Mchicha wa Pale Karakana

Nyumbani, geti la bluu,
Jumapili, 9 Machi, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa mdogo wangu, kitinda mimba wa mama,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote wa nyumba hii. Hujambo lakini? Mgongo unaendeleaje? Na mikono, bado inapasukapasuka kwa ile sabuni ya kufulia mashuka ya hospitali? Wifi yako anasema ujipake mafuta kabla ya kulala kisha uvae soksi mikononi, akucheke anayetaka kucheka. Msikilize, kwa mambo ya ngozi huwa hakosei. Na baridi ya huko imepungua? Mara ya mwisho ulisema umevaa makoti mawili na bado meno yanagongana. Pole sana, na shemeji naye pole.

Sisi tuko wazima wa kutembea. Wifi yako ana goti lake lile lile, likimuuma tunajua mvua iko karibu. Mimi kifua kinakohoa asubuhi, kikimaliza kinaniacha nifanye shughuli zangu. Paa la jikoni limezibwa, halivuji tena. Yule paka mwizi amezaa watoto wanne juu ya gunia langu la nguo kuukuu, na sijamfukuza.

Najua unasoma haraka haraka kutafuta habari za mwanao. Na najua unajiuliza kwa nini nimeandika barua na simu ipo. Mwezi uliopita nilikupigia mara tatu, na mara zote tatu niliishia kukusimulia habari za mvua. Mara ya tatu ukaniuliza, "Kaka, una jambo?" nikasema mtandao unakatika. Haukuwa unakatika. Nilikata mimi.

Cherehani ukimtazama hajambo: anatembea, anakula, jana aliruka kamba mpaka kandambili ikaruka peke yake ukutani. Nimeanza na hilo ili moyo wako utulie kidogo. Sasa naomba ukae chini. Mwanao ana sumu ya risasi katika damu yake, hii risasi ya kwenye betri, na aliyemlisha ni mimi kaka yako.

Wala si kwamba aliokota kitu tukiwa hatumwangalii. Nimemlisha kwa mkono wangu, kwenye sahani, siku tano au sita kwa wiki, mara kwa kumbembeleza, mara kwa kumkaripia. Ni ule mchicha wangu wa nyuma ya nyumba, pale ilipokuwa karakana. Ule niliokuwa nakutumia picha zake.

Ilianza kidogo kidogo. Unajua tulimpa jina Cherehani kwa sababu ya mdomo: akianza asubuhi ni mpaka jioni, uzi haukatiki. Basi kwenye mwezi wa kumi na moja hivi akaanza kunyamaza. Anaulizwa jambo, anakutazama, anasema "nimesahau", anaondoka. Tumbo likawa linamuuma kila mara, choo kigumu, chakula hataki. Mwalimu wake wa chekechea akamwambia wifi yako kwamba mtoto aliyekuwa anahesabu mpaka hamsini, sasa akifika kumi na mbili anapotea.

Na mimi, mjuaji wa nyumba, nikatoa jibu: mtoto anamkumbuka mama yake. Nililirudia kwa kila aliyeuliza, kwa mwalimu, kwa majirani, kwa dada yetu mkubwa. Nilikusingizia wewe uliye mbali, usiyeweza kujitetea. Nisamehe hilo kabla hujafika kwenye mengine.

Na dawa yangu ikawa nini? Nikamwongezea mchicha. Nilisema amepungukiwa damu, na mchicha unaleta damu. Jamani!

Wifi yako ndiye aliyechoka kunisikiliza, akambeba akampeleka hospitali. Mimi nikafuata nyuma na mkoba. Daktari alikuwa mama mpole mwenye miwani. Alimpima, akauliza habari za nyumbani: rangi za ukutani, mabomba, maji tunayokunywa, kazi za watu wa nyumba. Nikamwambia mimi nafanya vibarua vya umeme. Wifi yako akadakia, "Huyu alikuwa fundi betri miaka thelathini, na karakana ilikuwa nyuma ya nyumba." Daktari akaweka kalamu chini, akanitazama, akamwita mtu wa kuchukua damu.

Majibu yalikuja baada ya siku tisa. Kiasi walichokikuta si cha kumlaza mtoto wala kumtundikia dripu, lakini ni kingi kuliko kinachotakiwa, kwa sababu kinachotakiwa ni sifuri. Daktari alitueleza kwamba mwili wa mtoto una haraka ya kujenga mifupa, na ukikutana na risasi unaidhania ni yale madini ya mifupa, unaipokea na kuiweka akiba. Nyingine inazunguka na damu mpaka kichwani. Huko ndiko maneno ya Cherehani yalikopotelea.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nikainama nikajifanya nafunga kamba za viatu. Viatu vyangu havina kamba.

Wiki iliyofuata tukaletewa mtaalamu wa udongo kutoka ofisi ya kilimo, mama mnene mwenye sauti ya taratibu na buti za mpira. Majirani walishampa jina siku ile ile: Bi Udongo. Alichimba sehemu nane pale nyuma, kila sehemu na mfuko wake. Kisha akang'oa mchicha na mizizi yake, akauosha bombani kwa makini kama anayeuandaa kwa wageni, akakata mizizi, shina na majani, kila kimoja akakitia mfuko wake. Akachukua na karoti, na nyanya mbili.

Nikamwambia, kwa majivuno ya mwisho niliyokuwa nayo, "Mama, sisi mboga tunaosha maji matatu." Unaikumbuka sifa yangu hiyo: maji ya kwanza ya vumbi, ya pili ya mchanga, ya tatu ya usafi. Akanijibu bila kuinua kichwa, "Umefanya vizuri, baba, vumbi nalo lina sumu yake na linatoka. Lakini hii nyingine haiko juu ya jani. Iko ndani. Hata ungeosha maji kumi."

Majibu yalipotoka alikuja mwenyewe kutueleza, akakaa kwenye kiti cha marehemu mama yetu. Alisema mmea hauna ulimi wa kuonja. Mzizi unakunywa maji, na kilichoyeyuka ndani ya maji kinaingia nayo, kizuri na kibaya. Risasi ni nzito na mvivu, nyingi huishia mizizini, lakini ikijaa ardhini kama ilivyojaa kwetu, hata hicho kidogo kinachopanda kinatosha kumdhuru mtoto. Karoti yenyewe ni mzizi, kwa hiyo ilikutwa imejaa. Mchicha ukafuata. Nyanya zilikuwa na kidogo sana, maana tunda hupata cha mwisho. Tena kuna madini mengine yaitwayo kadimi, yalikuwamo kwenye baadhi ya betri tulizokuwa tukivunja, na hayo hayana uvivu kabisa, yanapanda moja kwa moja mpaka kwenye jani yakatulia. Na mmea hausemi. Jani linatoka pana, la kijani, la kutamanisha.

Kisha akauliza maji ya betri tulikuwa tunamwaga wapi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akatikisa kichwa. Alisema asidi ndiyo iliyomaliza kazi, kwa sababu udongo ukishakuwa mkali hivyo madini yanayeyuka upesi, na mzizi unayakuta yamelainika tayari. Kwa hiyo marehemu baba na mimi tulimwaga sumu, kisha tukamwaga na cha kuipikia.

Unakumbuka nilivyokuwa najisifu kwamba bustani yangu haina konokono? Kwa jirani konokono wanakula mpaka ufagio, kwangu hata mmoja. Nikasema ni mkono wangu. Nikichimba sikuti nyungunyungu, nikasema udongo wangu ni msafi. Konokono, mdogo wangu, walikuwa na akili kuliko mimi.

Hapo hapo nikutubie na lile la majani makavu. Wifi yako alikupigia akakwambia utupe pakiti zote mbili za mchicha mkavu nilizokutumia, akasema zimeingia wadudu. Ni mimi niliyemtuma aseme hivyo. Wadudu gani wangeugusa mchicha ule! Kama hukuzitupa, zitupe leo, usimpe mtu, na daktari anasema wewe na shemeji mpimwe damu.

Nilimuuliza Bi Udongo kama hakuna mmea ninaoweza kuupanda ukaifyonza yote ikaisha. Akasema ipo mimea ya namna hiyo, ila kwa risasi inakwenda polepole mno, na kila mavuno ingebidi yabebwe kama sumu, na mpaka siku udongo utakapotakata, "mimi na wewe tutakuwa tumeshakuwa udongo." Nikacheka. Yeye hakucheka.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Sikujua, mdogo wangu. Jioni ya kuamkia safari yenu uliniuliza, umesimama pale mlango wa nyuma na Cherehani mgongoni, "Kaka, pale pameshapona?" Nikakujibu, "Udongo ni kama kidonda, ukiuacha unapona wenyewe." Niliyatunga maneno yale pale pale, lakini niliyasema kwa sauti ya methali, na wewe ukaniamini kama ulivyoniamini tangu mdogo. Bi Udongo anasema jani linaoza, mfupa unaoza, risasi haiozi. Hilo sikulijua, na kwa kutojua kwangu nakuomba radhi.

Jumatatu asubuhi.

Barua ilikuwa imeishia hapo. Nilikuwa nimeshaweka salamu na sahihi, nikampa wifi yako aisome kabla sijaibandika bahasha. Aliisoma yote akiwa amesimama, akanirudishia, akaniuliza, "Na kuku je?" Akachukua beseni lake akaenda kuanika nguo.

Karatasi yenye salamu na sahihi nimeichana. Naendelea.

Kuku hawakuwapo, mdogo wangu. Wewe unajua, umezaliwa humu, pale nyuma hapajawahi kufugwa kuku. Lakini miaka miwili na kitu iliyopita, miezi mitatu baada ya kuondoka kwenu, Bi Udongo alipita hapa. Ndiye huyu huyu. Alikuwa anazunguka nyumba kwa nyumba na daftari, akiuliza wenye bustani pale walipolima palikuwa na nini zamani. Alisema wazi, wala hakuficha: kama palikuwa na gereji, au karakana ya betri, au mahali pa kuchanganyia rangi, nimwambie, watakuja kupima bure.

Nikamwambia palikuwa na banda la kuku.

Akasema, "Ndiyo maana mboga zimestawi hivi." Akaandika. Nami nikamkatia fungu la mchicha aende nalo kwake.

Sasa aliporudi safari hii na buti zake, alifungua daftari lile lile mbele ya wifi yako, akaweka kidole, akasema kwa sauti yake ya taratibu, "Hapa nimeandika kuku." Alinitazama kidogo tu, kisha akainama akaanza kuchimba. Ningefurahi angenitukana. Baadaye, anaondoka, nilimuuliza kama lile fungu alilila. Akasema ndiyo, yeye na wanawe. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini yangu ilichukua miaka miwili, na aliyeitembea ni mtoto.

Kwa hiyo usiniamini pale juu nilipoandika "sikujua". Nilijua. Sikujua habari za mizizi na majani, hilo ni kweli, lakini kwamba pale pana sumu nilijua kabla wewe hujazaliwa. Unaijua sheria ya mama: atokaye karakana haingii ndani na nguo za karakana. Baba alivulia ovaroli bombani, nami nikamfuata. Ulipozaliwa nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimeshaanza kuyeyusha risasi, na mama hakuniruhusu nikubebe mpaka nioge, nibadili nguo, nisugue na kucha. Nilinuna siku ile. Nikaona ananinyanyapaa.

Na saa sita mchana kila fundi alikunywa glasi ya maziwa. Ilikuwa desturi ya kazi: wazee wa betri walisema maziwa yanaosha risasi tumboni. Daktari anasema hayaoshi kitu. Lakini mtu aliyekunywa maziwa ya kujikinga na sumu kwa miaka thelathini, atasimama vipi aseme hakujua kuna sumu? Nililima pale baada ya mama kufariki. Angekuwa hai nisingethubutu kuchomeka hata kijiti.

Utauliza, kaka, kwa nini basi ulidanganya? Nimejiuliza mpaka nimechoka. Zilipokuja betri za kufungwa, zisizoongezwa maji, kazi yetu ikafa, na karakana nikaibomoa kwa mikono yangu. Baada ya hapo hakuna aliyegonga geti hili kunitafuta mimi. Mchicha ndio ulionirudishia watu. Wakaanza kuniita Mzee Mboga. Walimu, dereva mstaafu wa jirani, mshona nguo wa nyumba ya tatu, wote wananipigia hodi, wananisifu. Na wewe ukaniambia kwenye simu, "Kaka, una mkono wa baraka." Nilikaa na neno lile wiki nzima, hata wifi yako akaniuliza nacheka nini.

Mara namwona mtu na daftari anataka kuja kusimika kibao pale nyuma, mtaa mzima usome baba yetu alituachia udongo gani. Niliona aibu ya siku moja. Nikaikwepa. Ningeivumilia ile, Cherehani angekula mchicha ule miezi mitatu tu. Amekula zaidi ya miaka miwili. Wanasema majuto ni mjukuu. Yangu mimi ni mpwa, na yuko hapo uani anachora chini kwa kijiti.

Nimepita nyumba zote tisa nilizokuwa nazipa mboga, nyumba kwa nyumba kama Bi Udongo na daftari lake, kuwaambia ukweli. Dereva mstaafu alijaribu kunirahisishia, unamjua kwa mizaha. Akasema, "Ndiyo maana nikipanda mizani nakuta nimekuwa mzito!" Akacheka peke yake. Kisha akashusha sauti akauliza, "Na mjukuu wangu je?" Nikamwambia ampeleke akapimwe. Mshona nguo alifunga mlango polepole. Heri angeubamiza. Wa kuniita Mzee Mboga hayupo tena, na ni haki yao.

Pale nyuma pamezungushiwa waya, kibao kimesimikwa, herufi nyekundu. Nimekisimika mimi, nilichimba shimo mwenyewe. Tunasubiri watu wa kuja kufunika udongo ule. Mboga zote zimeng'olewa zikapelekwa alikoelekeza Bi Udongo, hata kwa paka hatukuacha jani.

Cherehani anakunywa maziwa, anakula mayai na maharage na nyama kidogo, kama daktari alivyoandika, maana mtoto mwenye tumbo lililojaa chakula kizuri hupokea sumu kidogo zaidi. Baada ya wiki sita alipimwa tena, kiasi kimeshuka, si sana, lakini kimeshuka. Nilimuuliza daktari kama akili yake itarudi yote. Hakunidanganya. Alisema mengine yatarudi, mengine hatujui, tuzidi kuongea naye na kumchezesha. Juzi alihesabu mpaka thelathini na moja. Nilihesabu pamoja naye moyoni, na alipokwama nilikwama naye.

Na dada yetu mkubwa yuko tayari kumchukua. Neno lako ndilo linalosubiriwa. Ukisema ahame, nitambebea begi lake mwenyewe mpaka mlangoni kwa dada, sitajitetea, wala sitamwomba wifi yako anisemee. Ukisema abaki, sijui nitakushukuru vipi. Ukikaa kimya mwezi mzima pia nitaelewa.

Limebaki moja, na hili hata wifi yako hakuniagiza.

Daktari alisema vumbi la nyumbani lifutwe kwa kitambaa chenye maji, kila kona, maana huenda lina risasi ya zamani. Jumamosi ya tarehe mosi nikasogeza lile kabati la vyombo la mama, lililo karibu na kiti anapokalia Cherehani akila. Halijawahi kusogezwa tangu msiba. Nyuma yake nikakuta majani. Mchicha uliokauka, mwingine umeganda ukutani, mwingine umerundikana sakafuni, wa zamani chini, wa karibuni juu. Rundo la kujaza sufuria.

Nikaelewa. Nilikuwa na tabia ya kumkalisha pale mpaka sahani iishe, mimi nasikiliza redio. Nikigeuka nakuta sahani nyeupe, namsifu: "Safi! Sasa una damu." Na sikuwa mpole siku zote. Nilishawahi kumpiga kofi mkononi, mara moja, kwa sahani ya mchicha. Hilo nalo lijue. Daktari nilipomweleza habari ya kabati alitabasamu kwa mara ya kwanza, akasema huenda ndiyo maana kiasi hakikuwa kikubwa zaidi. Mtoto wa miaka mitatu, minne, alijikinga na mjomba wake kwa vidole vyake.

Sasa nimepiga magoti pale, majani mkononi, Cherehani akaingia. Akaona majani, akaniona mimi. Akaficha mikono nyuma. Akasema, "Mjomba usinichape. Nitakula." Na kabla sijajua niseme nini, akachuchumaa, akaokota jani moja kavu lenye vumbi, akalipeleka mdomoni.

Nilimdaka mkono. Akadhani ndiyo kofi lenyewe, akapiga kelele. Nikamvuta kifuani, nikamwambia hapana mama, hapana, ulifanya vizuri kuficha, wewe hukukosa, aliyekosa ni mjomba. Alilia akamaliza. Akanyamaza, nikadhani amesahau tena kama kawaida yake siku hizi. Kumbe alikuwa anafikiri. Akaniuliza, "Sasa wewe atakuchapa nani?"

Nikamwambia, "Mama yako. Namwandikia barua."

Nisalimie sana shemeji, na umsomee yote, usimrukie mahali. Dada mkubwa anakusalimu, dereva mstaafu anakusalimu, wifi yako anasema soksi usizisahau. Cherehani amechora alama zake hapa pembeni, anasema ni jina lako. Mungu akupe nguvu ya kuipokea barua hii, akulinde huko uliko, na akurudishie mwanao mzima kuliko nilivyomtunza mimi.

Ni mimi, ninayekupenda na kuona haya,
kaka yako.